Madoa Mikononi mwa Fundi Cherehani

Ndugu zangu majirani, acheni niwaeleze yaliyoipata nyumba moja ya mtaa wetu. Wengi wenu mliyasikia nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyoleta balaa.

Mke ni fundi cherehani, mume ni fundi wa kupaka rangi nyumba. Asubuhi ungemkuta mume kizingitini akisafisha brashi, na mke ameshaketi kwenye cherehani, futi ya kamba shingoni.

"Hiyo rangi ya usoni, wewe ndiye uliyepaka ukuta au ukuta ndio uliokupaka?" mke angeuliza, nao wangecheka.

Kisha mke akaanza kuzorota. Alivaa sweta jua likiwaka. Sauti ikawa nzito, uso ukajaa, na mara kwa mara alisinzia juu ya kitambaa cha mteja. Wifi yake, dada wa mume aliyeishi nao, hakuona ugonjwa hapo. "Kaka, umeoa gogo," alisema mbele za watu.

Halafu yakaja madoa. Akigusa tu ukingo wa meza, mkono unavilia damu. Wateja wakaona, na maneno yakatembea: mume anampiga. Nakiri kwamba hata mimi niliongeza chumvi. Hakuna aliyemkalisha mwenyewe akamuuliza kwa utulivu. Hedhi yake nayo ilikuwa ikichukua karibu wiki mbili, nyingi kupita kiasi, lakini hilo alilificha kwa aibu.

Siku moja kaka yake akaja amefura. "Shemeji, dada yangu si ngoma!"

"Sijawahi kumnyanyulia mkono. Muulize."

"Hanipigi, kaka," mke alisema.

"Wote husema hivyohivyo."

Mume akakusanya brashi zake, akahamia kwenye jengo alilokuwa akilipaka rangi. "Nikiondoka, tuone kama madoa yataisha," alisema.

Hayakuisha.

Wiki mbili baadaye jino likamsumbua mke, wifi akamsindikiza. Daktari wa meno aliuliza kama huwa anatokwa na damu nyingi. Akajibu, "Hapana," maana wifi alikuwa amesimama palepale. Jino likang'olewa asubuhi. Kufika adhuhuri, pamba ya tano ilikuwa imelowa. Saa tisa midomo ilikuwa imempauka, na wifi yuleyule wa gogo alikuwa amempakata kichwa, akilia, "Wifi yangu, usifumbe macho!"

Akakimbizwa hospitali kubwa. Kidonda kikakandamizwa, akapewa dawa ya kuzuia damu, na akaongezewa damu. Alipotulia, daktari mmoja mwanamke alimwomba wifi atoke nje, akauliza maswali yote upya. Safari hii mgonjwa alisema kila kitu. Daktari akampapasa shingo, akaagiza vipimo.

Majibu yalipotoka, mume na shemeji yake waliitwa pamoja.

"Huyu mama hajapigwa, wala si mvivu," daktari alisema. "Hapa mbele ya koo kuna tezi inayoitwa thairoidi. Yake imelegea, haitoi homoni ya kutosha. Ndiyo maana anahisi baridi na kuchoka. Na homoni ikipungua sana, hata kile kinachosaidia damu kuganda kinaweza kupungua. Kwa hiyo anavilia damu kirahisi, na akijeruhiwa damu haikatiki upesi."

"Atapona?" mume aliuliza.

"Atameza kidonge kila asubuhi kabla ya kula, pengine maisha yake yote. Asikiache kwa sababu tu amejisikia nafuu."

Kaka wa mke alimshika shemeji yake mkono, akamwomba radhi.

Miezi ilipita, sweta likavuliwa, madoa yakafutika, hedhi ikarudi kawaida. Wifi ndiye anayemkumbusha kidonge. Mume alirudi nyumbani siku ileile ya majibu. Sisi majirani, ilimchukua mwaka mzima kuitikia salamu zetu.

Funzo

Sisemi kila doa ni ugonjwa. Wapo wanaopigwa kweli, na hao watetewe. Lakini muulize mhusika faraghani, umsikilize, umpeleke hospitali kabla hujampeleka midomoni mwa watu. Uchovu usioisha, baridi isiyo na sababu, hedhi nzito na kuvilia damu ovyo ni mambo ya kupimwa, si ya kuchekwa. Na wewe mgonjwa, ukiulizwa na daktari, usione haya. Fundi wetu nusura afe kwa neno moja: "Hapana."