Gesi Iliyoyeyusha Mafuta

Kila asubuhi Gerlinde Wölfel na mama yake walitoka nyumbani saa moja na robo, kila mmoja na baiskeli yake. Walipovuka mto waliachana: mama alikata kushoto kwenda maabara ya chuo kikuu, Gerlinde akanyoosha mpaka shuleni kwetu. Ulikuwa mwaka 1975, mjini Erlangen, nasi tulikuwa darasa la nane. Mimi nilikaa dawati la nyuma yake, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona. Yale ya nyumbani kwao alinisimulia mwenyewe.

Mama yake, Bibi Irmtraud, alikuwa fundi wa maabara. Jioni, wakati watu wengine wanakula mkate na soseji ya maini huku wakiwasema majirani, yeye aliongea habari za mtambo wake. Gesi ileile inayotoa mapovu kwenye soda, alisema, ilikandamizwa humo mpaka ikawa nzito karibu kama kimiminika, lakini bado ilipenya kila mahali kama gesi. Katika hali hiyo iliweza kuyeyusha mafuta na kuyatenganisha. Gerlinde alisikiliza kwa hamu, ingawa mtambo wenyewe hakuwahi kuuona. Watoto hawakuruhusiwa kuingia.

Mwezi wa Novemba Mwalimu Kestler alitupa mtihani wa kemia. Swali la mwisho lilisema: "Mchanganyiko wa mafuta mawili huungua kabla ya kuchemka. Utautenganishaje?" Sote tuliandika tulivyofundishwa: utachemshwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, ili joto dogo litoshe. Gerlinde akaandika: "Kwa gesi iliyokandamizwa. Inayeyusha mafuta ya aina moja na kuacha mengine. Haihitaji kitu kingine chochote."

Kwa swali hilo alipata sifuri.

"Gerlinde," mwalimu alisema akimrudishia karatasi, "gesi haiyeyushi mafuta. Hili umelitoa wapi?"

"Kwa mama yangu. Na inayeyusha, mwalimu."

"Basi mama yako alikuwa anakutania."

Darasa zima likacheka. Nami nilicheka. Masikio ya Gerlinde yakawa mekundu.

"Nimeona kwa macho yangu," alisema kwa sauti. "Niliingia maabara, nikaona mafuta yanapanda na gesi."

Mwalimu Kestler hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefundisha miaka ishirini na saba, na kitu alichokichukia kuliko vyote ni mwanafunzi anayebuni majibu. Akamnyooshea chaki.

"Andika ubaoni: Jibu langu nililibuni. Kisha ukae, tuendelee."

Gerlinde aliipokea chaki, akaitazama, akaiweka mezani.

"Siandiki."

"Umesemaje?"

"Siandiki, mwalimu. Sikulibuni."

"Sawa. Utakaa nje kila kipindi cha kemia mpaka uandike. Na sifuri itabaki sifuri."

Alikaa nje wiki mbili. Kwenye benchi la ukumbini, chini ya makoti yetu yaliyolowa, alikunja miguu kwa baridi, akatega sikio mlangoni na kunakili alichoweza kusikia. Burkhard, aliyependa kuchokoza watu, alikuwa akipita anamwambia, "Vipi, Gesi, bado hujayeyuka?"

"Nikiyeyuka nitakuita, ulete beseni," Gerlinde alimjibu bila kuinua kichwa.

Mimi nilimpelekea daftari langu. "Andika tu," nilimsihi. "Ni sentensi moja. Utafeli kemia, utarudia mwaka."

"Nirudie."

"Kwa sababu ya maneno matatu?"

"Kwa sababu maneno yenyewe ni ya uongo."

Wiki ya tatu mwalimu alimwandikia mama yake barua. Bibi Irmtraud aliisoma mezani, akaikunja taratibu.

"Kwa hiyo ubaoni hukuandika?"

"Sikuandika, mama."

"Vizuri. Hata mimi nisingeandika."

Gerlinde akaanza kutabasamu.

"Usifurahi bado. Mwalimu anasema umeingia maabara yetu. Umeingia lini?"

Gerlinde aliangalia sahani yake.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Sijaingia."

"Na hilo la gesi kutohitaji kitu kingine, nani kakwambia? Miezi minne gesi peke yake imetutoa jasho. Umesikia nusu, nusu nyingine umejijazia."

"Walikuwa wananicheka, mama."

"Najua. Kazini kwangu wako wakubwa wanaosema mtambo ule ni kazi bure, na wanaulizana mwanamke anafanya nini pale na spana. Nawajibu kwa vipimo. Siku nitakayowapa kipimo kimoja cha uongo, watatupa vyote, hata vile vya kweli. Kesho utakwenda kusema ukweli."

"Wote? Mbele ya Burkhard?"

"Mbele ya Burkhard."

Kesho yake, kabla ya kipindi kuanza, Gerlinde alisimama mbele yetu. Aliweka mikono nyuma.

"Nilisema nimeona. Sikuona, nilidanganya," alisema. "Nilisema pia gesi haihitaji kitu kingine. Hilo nilikosea. Lakini gesi iliyokandamizwa inayeyusha mafuta, na neno hilo silirudishi. Mama anasema uje uone, mwalimu."

Tulisubiri Mwalimu Kestler afoke. Hakufoka. Alivua miwani, akaifuta.

"Siku gani?" aliuliza.

Mkuu wa maabara alimruhusu mwalimu aje na wanafunzi watatu: Gerlinde, mimi, na Burkhard, ambaye mwalimu alimchagua kwa makusudi. Tulisimamishwa nyuma ya kinga ya chuma. Mtambo ulikuwa bomba nene refu kuliko mtu, lenye kidirisha cha kioo kizito, na kando yake chombo cha pili, nacho chenye kidirisha, cha kupokea gesi inayotoka juu. Ndani ya bomba Bibi Irmtraud alikuwa ametia mafuta ya mawese yaliyopikwa kiwandani, mchanganyiko wa mafuta ya kawaida na yale yanayotumiwa kulainisha mkate.

"Kwanza gesi peke yake," alisema, akawasha pampu.

Mshale wa kipimo ulipanda. Tulisubiri nusu saa. Alipofungua koki ya chombo cha pili, yalidondoka matone machache.

"Ni haya tu?" Burkhard aliuliza.

"Ni haya tu," Bibi Irmtraud alijibu. "Siwezi kukuongezea."

Nilimwangalia Gerlinde. Alikuwa ameng'ata mdomo.

Kisha mama yake akaongeza kwenye gesi asetoni kidogo, ile inayotumika kufuta rangi ya kucha. Safari hii, gesi ilipofika kwenye chombo cha pili na kupashwa joto zaidi, tuliona kwenye kidirisha chake ukungu, na ukungu ukawa manyunyu. Gesi ilikuwa inashusha mzigo wake, kisha inarudi mwanzo kubeba mwingine.

"Lakini Bibi Wölfel," mwalimu alisema, "pengine asetoni ndiyo imeyayeyusha. Gesi inasindikiza tu."

"Hapo umeuliza la maana, mwalimu." Alichukua kichupa, akamimina mafuta yaleyale ya moto na asetoni, akatikisa. Vyote vikawa kitu kimoja. "Asetoni peke yake inabeba yote, haichagui. Gesi peke yake inachagua, lakini inabeba kidogo mno. Zikiwa pamoja, zinachagua na kubeba."

Alivukiza asetoni yote, akaacha mafuta yapoe kwenye visahani viwili. Yale yaliyopanda na yale yaliyobaki hayakufanana. Kwenye kisahani cha yaliyopanda kiliganda kitu cheupe kigumu kama nta, kwenye kingine yalibaki mafuta laini ya njano. Mwalimu Kestler aliyabonyeza kwa kidole, huku na huku, kama mtoto.

"Nimefundisha miaka ishirini na saba kwamba hili haliwezekani," alisema. Akamgeukia Gerlinde. "Nilikosea, tena nikakutoa nje kwa kosa langu. Naomba radhi. Kesho urudi darasani."

"Na sifuri yangu?"

"Utapata nusu ya alama za swali hilo."

"Nusu, mwalimu? Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Umeandika haihitaji kitu kingine chochote. Nimeyaona matone yale pia."

Gerlinde alimtazama mama yake.

"Hiyo nusu ni halali yako," Bibi Irmtraud alimwambia, akifuta mikono kwa kitambaa. "Nawe Burkhard, sikiliza, maana nimesikia habari za beseni. Ukijua jambo ni kweli, usikubali mtu akuandikishe uongo, hata awe mkubwa kiasi gani. Mkatalie kwa adabu, na ukubali kukaa kwenye baridi. Lakini ulichokiona sema umekiona, na ulichosikia sema umesikia. Ukichanganya hivyo viwili, unampa mtu sababu ya kutupa ukweli wako wote, na hapo utakuwa umejiangusha mwenyewe."

Burkhard alikuna kichwa. "Sasa mama," alisema, "mimi nimeona au nimesikia?"

"Umeona," Gerlinde akamjibu. "Kesho kawaambie."

Na kweli, aliwaambia.