Ugonjwa wa Baba Waliouficha Makongeni

Jamani watu wa Kimbo, na nyinyi wa Makongeni, leo mtanisikiliza. Nimechoka na siri zenu.

Nyawira ni jirani yangu. Jumapili moja nilimkuta akimenya viazi vya mukimo, anacheka na binti yake Ciku, wanapanga wageni wa ruracio, wale wa kuleta mahari ya Ciku. Ana sukari, lakini dawa humeza na soda alishaacha. Nyumba ilikuwa na raha. Nikaona tu miguu imemvimba.

"Ni kusimama dukani, Mama Sumeya," akasema.

Kusimama gani! Nikamburuta hadi kliniki. Muuguzi akamuuliza, "Kwenu kuna aliyewahi kuugua figo?"

"Hapana. Baba alifariki kwa presha."

Muuguzi akamwambia apimwe mkojo na damu hata hivyo, watu wa sukari hupimwa figo kila mwaka. Nyawira akaahirisha. Kila nikimsumbua ananijibu, "Figo si ugonjwa wa kwetu." Miezi ikapita hivyo, hadi akaanguka dukani. Hospitalini tukaambiwa figo zimeharibika, itabidi damu isafishwe kwa mashine mpaka apatikane wa kumpa figo.

Kaka yake Gichuru alikuja kutoka Makongeni akilia. Hapo ndipo ukweli ukatoka: baba yao alikuwa na sukari, ikaua figo. Gichuru ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa mashine, huku akiwaambia ndugu zake ni presha.

"Ulijua na ukanyamaza?" nikamuuliza.

"Mzee alinikataza kusema. Halafu kukawa na mambo ya Ciku. Wale watu wangesikia kwetu kuna figo, si wangerudi na mbuzi wao?"

Eti mbuzi! Ndugu msomaji, niambie kama mimi ndiye mjinga hapa. Na hao wageni walipokuja wakaambiwa kila kitu, na wakaendelea na shughuli zao.

Lakini Gichuru anampenda dada yake, hilo siwezi kumnyima. Akasema, "Nitampa figo yangu." Akapimwa. Daktari akamwita ndani nami nikiwa hapo.

"Huwezi kutoa. Wewe mwenyewe una sukari, na mkojo wako una protini. Figo zako zimeanza kuumia."

Huyu ndiye aliyejua yote, na hakuwahi kujipima hata siku moja. Alitoka akakaa kwenye benchi kando ya Nyawira, akamweleza. Nyawira akamshika mkono, akamwambia polepole, "Ungeniambia tu, Gichuru. Tungepimwa sote."

Kwa hasira nilitoka nje nisije nikamtusi mtu mgonjwa.

FUNZO

Si kila mwenye sukari huharibika figo. Wengine hurithi hatari hiyo kwa wazazi wao, na ukoo wenye historia hiyo uko hatarini zaidi. Lakini kurithi hatari si kuhukumiwa. Anayejua mapema hupimwa mkojo na damu, hushika sukari na presha yake, na figo zake zinaweza kudumu. Asiyejua hungoja miguu ivimbe, na wakati huo mara nyingi huwa amechelewa. Kuficha ugonjwa wa mzazi si heshima kwa marehemu, ni kuwanyima walio hai nafasi ya kujikinga. Wapigie ndugu zako simu leo, uwaambie baba yenu aliugua nini.