Kimashine cha Shukrani

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, pale Same karibu na stendi, palikuwa na duka dogo la kaseti za muziki. Mwenyewe aliitwa Aminiel. Alikuwa mtu wa utani, shati limepigwa pasi, na kwaya au dansi ilisikika dukani kwake tangu asubuhi mpaka anafunga. Abiria wa mabasi ya kwenda Moshi walishuka kunyoosha miguu, wakaishia kununua kaseti kwake.

Lakini muziki ulikuwa kazi tu. Mapenzi yake yalikuwa nyumbani, kwenye kabati la vioo sebuleni.

Baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni na sukari, mizigo ilikuwa imeanza kuingia nchini kutoka kila upande, na ndani ya marobota ya mitumba kulitokea vitu vya ajabu. Aminiel alikwenda mpaka Hedaru kuvitafuta kwa madereva wa malori. Alikusanya zile kaseti za michezo ya televisheni zilizojaza michezo mingi ndani ya kaseti moja. Ganda liliahidi michezo isiyohesabika, na ukiiweka unakuta ni ileile inajirudia kwa majina mengine. Alijua hivyo na bado alizipenda. Zaidi ya kaseti alipenda vimashine, vile vilivyoundwa kwa mfano wa mashine kubwa za kuchezea zilizoko mijini, ila vyenyewe vina urefu wa chupa ya chai. Vilikuwa na kioo, batani na kijiti cha kuongozea, vyote vidogo kama vya mwanasesere. Alivipanga kwa kimo, na Hellen, mkewe, alikatazwa hata kuvifuta vumbi.

Rafiki yake wa tangu shule, Shukrani, alikuwa na kimoja kama hivyo. Yeye hakuwa mkusanyaji. Alikuwa kibarua kwenye shamba la katani huko bondeni mpaka siku robota lilipomdondokea mgongoni. Miguu ikafa palepale. Shamba lilikuwa linafungwa wakati huo, watu wanapunguzwa, na fundi mmoja wa kizungu aliyekuwa anafungasha kurudi kwao alimwekea kimashine kile kitandani, akaondoka. Shukrani akabebwa kwa machela mpaka kwa mama yake, kijijini Suji, juu mlimani.

Aminiel alipanda kumwona msimu wa maharage. Akamkuta amelazwa karibu na dirisha, kimashine juu ya kifua, vidole gumba vinakimbia.

"Njoo umwone," Shukrani alisema akicheka. "Mwone anavyopanda!"

Kwenye kioo, mtu mdogo mwenye mzigo kichwani alikuwa anapanda kilima. Mawe yaliporomoka kumjia, naye aliyakwepa, akaruka, akaendelea kupanda. Kila hatua ililia *tii*.

"Huyu ndiye miguu yangu siku hizi," Shukrani alisema. "Nikifumba macho, nasikia kabisa nyayo zikigusa chini."

Aminiel alisikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye kijiti chenye kichwa chekundu na kwenye michoro ya ubavuni. Hakuwahi kuona aina ile, wala kwa madereva wa Hedaru, wala popote. Aliiona nafasi yake kabatini, katikati kabisa.

"Batani ya kulia inakwama," alisema.

"Kidogo tu. Nimeizoea."

"Itakufa hiyo. Nipe nikaitengeneze. Wiki ijayo nakuletea."

Shukrani alikishika kwa muda kabla ya kukitoa. "Usichelewe, Ami," alisema. "Huku siku ni ndefu."

Batani ilikuwa na uchafu tu. Aminiel aliifuta kwa pamba na spiriti jioni ileile, ikawa nzima. Kisha akakiweka kabatini, katikati, aone kitapendezaje. Kilipendeza sana.

Wiki iliyofuata hakupanda. Alijiambia barabara ina matope. Wiki nyingine alijiambia dukani kuna wateja. Daudi, aliyekuwa analeta ndizi kutoka Suji, alikuwa anapita dukani na salamu.

"Shukrani anauliza kama kimepona."

"Mwambie nasubiri kifaa kutoka Dar."

Daudi akapeleka jibu hilo. Akarudi na lingine. "Anasema hata kama kimekufa kabisa, umletee hivyohivyo."

"Kifaa kiko njiani. Mwambie avumilie."

Na kila alipotamka hivyo, Aminiel aliongeza sauti ya redio, kama mtu anayetaka kuficha mlio ndani ya mlio.

Safari ya mwisho Daudi hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Anasema siku hizi hawezi kulala. Anasema amelala mno."

Aminiel alicheka kidogo, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Ilikuwa mchana, jua la Same limekaza, bati zinalia kwa joto. Aminiel amekuja kula, Hellen yuko jikoni uani. Akasikia *tii*. Kisha *tii, tii*. Akageuka. Kabati limefungwa. Ndani yake, kioo cha kimashine kinawaka, na mtu mdogo anapanda kilima. Kijiti chekundu kinakwenda kushoto, kinakwenda kulia. Batani zinazama na kuinuka.

Hakuna aliyezigusa.

Alisimama pale mpaka ugali ukapoa. Mtu mdogo hakukosea hata mara moja. Alikwepa kila jiwe, kwa wepesi wa mkono aliokuwa anaujua.

"Ni waya," alimwambia Hellen. "Umeshikana na mwingine." Lakini mchana uliofuata kilicheza tena, na uliofuata pia, na yeye akaanza kula dukani.

Siku Daudi alipokuja bila ndizi, Aminiel alijua kabla hajaambiwa.

Alipanda Suji kwa mazishi. Aliimba na wenzake, akatupia udongo wake kaburini. Baada ya watu kupungua, Mama Shukrani alimwita ukumbini.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuja." Mama alikuwa mtulivu, macho makavu. "Nilitaka nikusimulie. Siku zake za mwisho alikuwa anakicheza kile kidude."

"Kidude gani, mama?"

"Kile ulichokwenda kukitengeneza. Mikono mitupu, juu ya shuka, vidole vinakwenda mbio. Na mdomo wake unalia *tii, tii*. Mchana kutwa. Nikimuuliza, anasema, 'Mama, nipo kwa Ami, napanda.'"

Aminiel alishika ukuta.

"Na kila jioni alikuombea," mama aliendelea. "Ee Mungu, mpe Aminiel kile kifaa chake kutoka Dar."

Pale ndipo alipotakiwa kusema. Akasema tu, "Alikuwa mtu mwema," akashuka mlima.

Alijua moyoni kwamba sasa mchezo utakoma. Mwenye vidole amezikwa.

Haukukoma.

Hellen ndiye aliyeuona kwanza. Alimfuata dukani mchana wa jua kali, kanga imefungwa ovyo, akamvuta nyuma ya kaunta.

"Aminiel," alinong'ona. "Yule mtu amegeuka."

"Mtu gani?"

"Wa kwenye kioo. Siku zote anatupa mgongo, si ndiyo? Anapanda. Sasa ametugeukia. Anashuka."

Walikwenda wote. Kweli. Mtu mdogo hakuwa na mzigo tena kichwani. Alikuwa karibu na kilele, uso ameuelekeza mbele, uso ambao haukuwahi kuwepo, kidoti tu cha giza. Mawe yalipita ndani ya mwili wake. Akateremka hatua. *Tii.*

Aminiel alifungua kabati, akabomoa mfuniko wa betri, akazitoa zote.

Kioo hakikuzimika.

Kesho yake mtu alikuwa katikati ya kilima. Keshokutwa yake, chini zaidi. Na mlio ulianza kubadilika. Haukuwa *tii* tena. Ulikuwa kama ndala kwenye saruji. Ukitokea ndani ya kabati, unasikika chini ya meza. Unasikika karibu na mlango. Unanyamaza. Unaanza tena.

Hellen alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Niambie ulichomfanyia," alisema.

Akamwambia. Pamba, spiriti, kifaa cha Dar ambacho hakikuwahi kuwepo. Salamu za Daudi, moja baada ya nyingine. Hellen hakumkaripia. Alisogea tu, akakaa mbali naye, na hilo lilimuuma kuliko kukaripiwa.

"Kipeleke," alisema. "Leo. Na useme yote."

Alipanda basi hadi Makanya, na kutoka hapo akaanza mlima kwa miguu, kimashine kimefungwa ndani ya taulo na kuwekwa kwenye kikapu. Bondeni jua lilikuwa linachoma. Juu, ukungu ulikuwa umeshuka kwenye migomba na mifereji, mweupe, mzito, unaona mkono wako tu. Kikapu kilikuwa chepesi alipoanza. Alipofika Suji, mabega yalikuwa yanamtoka.

Mama Shukrani alikuwa ukumbini anachambua maharage. Aminiel hakungoja kukaribishwa kukaa.

"Mama, nilikudanganya. Nilimdanganya na yeye. Kilikuwa kizima tangu siku ya kwanza. Nilikipenda, nikakiweka kwangu."

Mama aliendelea kuchambua. Punje nzuri huku, mbovu huku. Ukungu uliingia mlangoni ukatambaa sakafuni.

"Alikuwa akijua," alisema mwishowe.

"Alijua?"

"Alisema, 'Ami amekipenda, mama. Nilimwona machoni.' Nikamwambia, basi nimtume Daudi akachukue kwa nguvu? Akakataa. Akasema nisikuaibishe, utaleta mwenyewe." Mama akasukuma ungo kando. "Kiwashe."

"Hakina betri, mama."

"Kiwashe."

Akafungua taulo. Kioo kilikuwa kinawaka tayari. Mtu mdogo alikuwa amefika chini kabisa, ukingoni mwa kioo, amesimama. Hakusogea. Aminiel aliona pumzi yake mwenyewe ikitia ukungu juu ya kile kidoti cha uso.

Kisha mtu akapiga hatua mbele.

Akatoka kwenye picha.

Kilibaki kilima. Mawe yanaporomoka. Hakuna mtu.

Na kutoka chumbani, chumba cha dirishani, kilichokuwa kitupu tangu mazishi, kitanda kililia. Kama mtu anakaa. Kisha kimya. Kisha mguu ukagusa chini. Mguu mwingine. Ndala zilisota, zikapata mwendo, zikaenda mpaka dirishani, zikarudi.

Mama Shukrani alikuwa ameinuka. Machozi yaliyokuwa hayajatoka siku ya mazishi yalikuwa yanamiminika, na alikuwa anatabasamu.

"Anatembea," alinong'ona. "Sikiliza. Mwanangu anatembea."

Pazia la chumba likajaa, kama mtu anapita. Aminiel alikiweka kimashine juu ya meza na kukimbia. Aliruka kizingiti, akapita kaburi bila kulitazama. Sauti ya mama ilimfuata ndani ya ukungu, pole kabisa, kama anamkumbusha adabu.

"Usikimbie, baba! Anakusindikiza. Miaka yote hiyo aliumia kwamba hawezi kumsindikiza mgeni."

Aminiel akaacha kukimbia. Hakuthubutu tena. Alitembea. Nyuma yake zilikuja ndala, si mbali, si karibu. Akisimama, zinasimama. Penye mteremko mkali, jiwe lilichomoka nyuma yake, likapita pembeni ya mguu wake na kuendelea bondeni, kama kuna mtu amelisukuma lisimguse.

"Nisamehe, Shukrani," alisema bila kugeuka.

Alirudia. Alirudia mpaka sauti ikakauka. Zilizomjibu ni ndala tu, kwa subira, mpaka ukungu ulipoisha na bonde likaonekana na vumbi lake na barabara ya lami. Hapo zikakoma. Aliposikia zimekoma, alikaa chini njiani, akalia kama mtu aliyefiwa leo.

Tangu hapo nyumba ilitulia. Hellen alianza kukaa karibu naye tena, polepole. Lakini Aminiel hakuweza kulitazama kabati. Kila kimashine kilimfanya ajiulize kilitoka kwenye kitanda cha nani. Akaamua kuviuza vyote, na Melkizedeki, mfanyabiashara wa Hedaru, akaja na boksi asubuhi moja.

"Nione kwanza sehemu za betri," Melkizedeki alisema. "Nyingi huwa na kutu."

Akafungua kimashine cha kwanza. Akafungua cha pili, cha tatu, akiviweka mezani haraka kama vinamuunguza.

"Wewe, Aminiel. Nani kafanya hivi?"

Mahali pa betri, kwenye kila kimashine, kulikuwa na udongo. Haukuwa vumbi jekundu la Same. Ulikuwa udongo mweusi wa mlimani, kama ule alioutupia kaburini, mbichi, na vijizizi ndani yake, umeshindiliwa vizuri mpaka pembeni. Melkizedeki aliliacha boksi lake palepale na kuondoka bila kuaga.

Aminiel alibaki na kile cha mwisho mkononi. Udongo wake ulikuwa bado unatoa maji. Juu yake, katikati, palikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yote inaonekana, kama mtu amemaliza kushindilia sasa hivi.

Aliweka kidole chake juu ya alama ile. Hakikuijaza.