Jina la Mama Kwenye Marumaru

Jiwe lilikuwa na joto. Hilo ndilo lililomshtua Kheiria asubuhi ile, maana kiyoyozi cha karakana yao ya kukagua vitu vya kale huko Maskati kilikesha kikiunguruma, na marumaru ikikesha kwenye ubaridi huganda. Hili lilikuwa na joto la shavu la mtu.

Lilikuwa sanamu la Kigiriki, mwanamke asiye na pua wala mkono wa kulia. Ibtihal, shoga yake tangu miaka kumi na moja iliyopita, ndiye aliyeanza kulitafutia umri. Akaugua ghafla, sauti ikamkauka. Juzi akapona, ghafla vilevile.

"Malizia wewe, shoga," alimwambia Kheiria. "Mimi bado sina nguvu."

Na Kheiria, kwa moyo wake mweupe, akakubali. Jamani, Kheiria!

Adhuhuri, wenzao walipokwenda kusali, akazima taa na kuwasha ile ya miale ya zambarau. Chini yake marumaru ya kale hutoa rangi ya asali. Palipovunjika karibuni hung'ara zambarau. Mwili, asali. Palipovunjika pua, asali. Miaka elfu mbili na zaidi, wallahi si la kughushi. Ndipo akasikia pumzi isiyo yake, na harufu ya udongo uliofukuliwa ikajaa chumba, naye akaisogeza taa mpaka kisogoni mwa sanamu, na pale, palipofutwa hata jicho halioni kitu, yakajitokeza maandishi ya zafarani, kama waganga wanavyoandika kombe la dawa sahanini, mstari chini ya mstari, jina moja likirudiwa na kurudiwa: Kheiria binti Zuwena.

Mtu hutolewa kwa jini kwa kutajwa jina lake na la mamake. Na mwandiko aliujua, ulikuwa wa Ibtihal. Mwezi uliopita Ibtihal alimuuliza jina la marehemu mamake, eti amsomee khitma. Kheiria alilia siku ile kwa kushukuru.

Mlango ukafunguka kidogo. Ibtihal.

"Umenifanya nini?" Kheiria alinong'ona.

"Limetaka mtu. Mganga kasema ama mimi, ama nitoe mwengine. Nna watoto watatu, Kheiria. Wewe huna wa kukulilia."

"N'kidhani nna wewe."

Ibtihal akatazama chini. Akafunga mlango, na ufunguo ukazunguka kwa nje.

Taa ikazimika. Karibu kabisa na sikio, sauti ikamwita kwa jina. Kheiria alijua, alifundishwa tangu mdogo, ukiitwa na usiyemwona usiitike, ukiitika ushachukuliwa. Lakini ilikuwa sauti ya bi Zuwena mwenyewe, hajaisikia miaka tisa, na duniani hakubaki mwengine wa kumwita kwa huruma namna ile.

"Labeka, mama," akaitika.