Mistari Miwili ya Valentine

Kila asubuhi Bochaberi huanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu kando ya ziwa, Kendu Bay. Mumewe, Ombui, huuza ndizi anazoleta kutoka Kisii. Binti yao Valentine ana wiki sita, na akilia, majirani wote wanajua.

Bochaberi anaishi na virusi vya Ukimwi. Hakumficha mumewe. Alimeza dawa wakati wote wa ujauzito, na kila siku humpa mtoto dawa ya maji ya kumkinga. Kliniki walimwambia amlete Valentine apimwe Jumanne.

Ombui hakuweza kusubiri. Ni mtu wa haraka. Hata chai huinywa ikiwa bado inaunguza. Jumapili alinunua kipimo cha kujipima kwenye duka la dawa. Akamchoma mtoto kidole, akatia tone la damu. Mistari miwili ikatokea.

"Ameambukizwa," alisema. "Sasa hii dawa inakinga nini tena? Wacha tu."

Akaiweka chupa ya dawa juu ya kabati. Bochaberi hakubisha. Alilia, akiona kwamba ni yeye aliyemdhuru mwanawe. Siku hiyo mtoto hakupewa dawa. Jumatatu pia hakupewa.

Jumanne walienda kliniki wote watatu. Muuguzi Eucabeth aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Baba Valentine, hicho kipimo hakitafuti virusi," alisema.

"Kwani kinatafuta nini? Si nimeona mistari miwili na macho yangu?"

"Kinatafuta kingamwili. Ni kama askari ambao mwili hutengeneza ili kupigana na virusi. Mama anao. Mtoto akiwa tumboni, askari hao hutoka kwa mama na kuingia kwake. Wanaweza kukaa hata zaidi ya mwaka. Wewe umeona askari wa mama."

"Kwa hivyo mtoto hana virusi?"

"Sijasema hana. Mimi sijui bado, na wewe hujui. Lakini kusimamisha dawa, hapo mlikosea. Mpeni leo."

Eucabeth alimchoma Valentine kisiginoni, akadondosha damu kwenye karatasi nene yenye miduara. Akaiweka kwenye kichanja kidogo juu ya meza.

"Sista, si uianike nje?" Bochaberi akauliza. "Jua ni kali, itakauka sasa hivi."

Eucabeth akacheka. "Hii si omena, mama! Jua litaharibu kile tunachotafuta. Inakaushwa kivulini, halafu tunaifunga isipate unyevu, tunaipeleka maabara. Virusi hujificha ndani ya chembe za damu. Mashine hutafuta vinasaba vyao, huvinakili mara nyingi sana. Hata vikiwa vichache, vitaonekana."

Kisha akatoa damu ya Bochaberi pia. "Yako tunapima wingi wa virusi. Ukimeza dawa vizuri vinapungua kabisa, na hatari kwa mtoto inapungua sana."

Jioni hiyo Ombui aliishusha chupa mwenyewe. Tangu hapo yeye ndiye anayempa mtoto dawa, na hasahau.

Majibu yalipofika, waliitwa.

"Virusi havijaonekana kwa mtoto," Eucabeth alisema. "Na vya mama viko chini sana. Endelea kumnyonyesha na kumpa dawa. Tutampima tena akifika miezi sita, na akifika mwaka."

Bochaberi alimkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Na wewe, Baba Valentine," Eucabeth akauliza, "ulipimwa lini?"

Ombui akatazama dirishani. Kidole cha mtoto alikichoma bila kusita. Yeye mwenyewe, kila mara mkewe alipomwambia waende wakapimwe, alikuwa na ndizi za kupeleka sokoni.

"Kwangu, kipimo cha mistari kinafaa?" aliuliza.

"Kwa mtu mzima, ndiyo, askari ni wake mwenyewe. Ndicho tunachoanza nacho."

Ombui alivuta kiti, akanyoosha kidole. Sindano ilipokaribia, alifumba macho. Bochaberi alimshika mkono wa pili.