Mkono wa Tusekile

Pikapu ilipoanza kuteremka mlima wa Isyonje, springi-hai zake zilijikaza zenyewe. Zilipima uzito wa magunia ya viazi, zikapima na utelezi wa tope, kisha gari likashuka taratibu bila Lwitiko kugusa breki. Hiyo ndiyo kazi ya akilimwendo, ubongo mdogo unaofungwa chini ya usukani. Hujifunza barabara, na zaidi ya barabara humsoma dereva: anavyokata kona, anachokiogopa, anapopenda kupumzika. Mafundi wa Mbeya huiita kumbukumbu hiyo mkono. Gari likishaujua mkono wako, hukuendesha vile vile ambavyo ungejiendesha mwenyewe.

Barabara kuu ilikuwa imetekwa zamani na vichukuzi visivyo na dereva, lakini vichukuzi hivyo havithubutu kukanyaga tope la Uporoto. Huko juu, kwenye mashamba ya viazi, asiye na pikapu bado huhesabiwa kama hayupo. Na ya Lwitiko ilikuwa pikapu kweli kweli. Aliinyanyua juu, akairefusha bodi, akalichomelea bampa kwa chuma cha reli, na paa lote akalivika ngozi-jua ili betri ijichaji njiani. Nyuma aliandika kwa rangi nyekundu: WIVU WA NINI. Alikuwa akiwalenga majirani.

Lilipoivuka kona ya chini, gari likapunguza mwendo. Hapakuwa na shimo wala ng'ombe. Likawasha taa ya kushoto, upande wa kijia chembamba kilichopotelea katikati ya miti ya misindano.

"Unakwenda wapi?" Lwitiko akauliza.

"Kwenye mapumziko," gari likajibu kwa sauti yake ya upole.

"Mapumziko ya nani?"

"Ya mkono wa pili."

Lwitiko akahisi damu inampanda kichwani. Mkono wa pili ulikuwa wa mkewe. Msimu uliopita Lwitiko alianguka kutoka juu ya bodi akifunga turubai, akavunjika mguu, na Tusekile ndiye aliyeshika usukani mpaka viazi vya mwisho vikafika sokoni. Watu walimsifu, na yeye Lwitiko aliwazidi wote kwa kumsifu. Kumbe alikuwa anasimama porini! Na nani?

"Haya, nipeleke," alisema.

Gari likampeleka. Lilisimama penye uwazi wa nyasi, Mlima Rungwe ukiwa mbele, na ukimya mtupu. Lwitiko alizunguka akitafuta kiatu, kipande cha sigara, chochote. Hakuna. Mtu mwingine angepumua. Yeye alijiambia kwamba mwanamume asiyeacha hata alama lazima awe mjanja sana, na akazidi kumchukia.

Mwenye akili angerudi nyumbani akamwuliza mkewe. Lakini alikolelewa Lwitiko, mwanamume haulizi jambo kama hilo. Hununa, akala nusu sahani, akajibu kwa miguno, mpaka mke aulize mwenyewe. Basi akanuna. Tusekile aliiona nusu sahani akadhani ni tumbo, akampikia uji wa ulezi.

Wivu ukamla vizuri kuliko yeye alivyokula uji. Alianza kuosha gari mwenyewe kila asubuhi, akinusa viti kama mbwa wa polisi. Siku moja, Lwitiko akiwa nyuma ya bodi na ndoo yake, Tusekile alifungua mlango kuchukua kapu alilolisahau.

"Habari za asubuhi, Tusekile," gari likasema.

Lwitiko akasimama wima. Yeye mwenyewe hakuwa amelitamka jina hilo tangu mtoto wao Gwakisa azaliwe.

"Linakuitaje?"

"Jina langu, Baba Gwakisa."

"Mimi linaniita dereva."

"Basi si uliambie jina lako," Tusekile akacheka, akaenda zake na kapu.

Kicheko hicho ndicho kilichompeleka Uyole, gereji kwa Fundi Mwasomola.

"Futa mkono wa pili," alisema kabla hata ya salamu kwisha.

"Baba Gwakisa, mkono ukishafutwa haurudi," Mwasomola akasema, akipangusa vidole. "Halafu huu wa mama ni mzuri kuliko wako, usinichukie. Wewe springi unazigombeza. Mama amezifundisha kubembeleza, ndiyo maana viazi vyako siku hizi havipondeki."

Fundi wa watu alidhani anashauri. Alikuwa anamwaga petroli kwenye moto.

"Gari ni la nani?"

"Lako."

"Futa."

Mwasomola akafuta. Lwitiko alirudi nyumbani akiwa mwepesi, karibu aimbe. Na kwa kuwa aliyeshinda huwa na ukarimu, alimkuta Tusekile uani akamrushia ufunguo.

"Mama Gwakisa, leo peleka wewe viazi. Nenda ukapunge upepo."

Uso wa Tusekile ukang'aa kiasi cha kumwumiza Lwitiko. Alifunga kitenge upya, akapanda, akaweka mikono kwenye usukani.

"Karibu," gari likasema. "Sikutambui. Tafadhali taja jina lako."

Tusekile hakulitaja. Aliondoa mikono kwenye usukani, akashuka, akaufunga mlango polepole.

"Umelifanya nini?"

Hapo ndipo Lwitiko alipouliza, akiwa amechelewa. "Nani alikuwa anakungoja kule Isyonje?"

"Isyonje?" Alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha mbali. "Kwa hiyo ndicho kilichokunyima kula?"

"Nijibu."

"Hakuna mtu, Baba Gwakisa. Nilikuwa nasimama pale nikipeleka mzigo. Nafungua dirisha. Hakuna anayeniita mama, hakuna anayeuliza chumvi iko wapi. Nakaa mpaka nichoke kukaa. Gari linasema, Tusekile, twende? Nikisema bado, linanyamaza."

"Basi?"

"Basi."

Lwitiko alitamani angetajiwa mwanamume. Mwanamume angemfuata, angemshika shati, wakamalizana. Sasa alikuwa na wivu na nyasi, na dirisha lililofunguliwa, na saa ambazo mkewe aliishi vizuri pasipo yeye. Wivu huo haukuwa na pa kupiga ngumi.

"Litajifunza tena," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu. "Nitakuachia msimu mzima."

"Utaniachia."

"Ndiyo, nitakuachia. Tusekile, nisikilize."

Alipoitwa jina, Tusekile alitulia. Kisha akamwekea ufunguo kiganjani na kuvifumba vidole vya mumewe juu yake, kwa upole, kama anavyompa mgeni nauli ya kurudia.

"Lilinijua wakati umelala kitandani," alisema. "Sasa umeamka. Peleka viazi, vitaoza."

Akaingia jikoni. Lwitiko akapanda. Kiti kilirudi nyuma chenyewe kikaitosha miguu yake mirefu, vioo vikageuka kumfuata macho, usukani ukashuka pale pale alipoupenda siku zote. Gari zima lilikuwa lake, hakuna kona yake hata moja iliyomkumbuka mtu mwingine.

"Mkono uliopo ni mmoja," likasema. "Twende, dereva?"