Maji ya Kusukutua

Dada hakuwa na karafuu mdomoni. Kasuku aliliona hilo asubuhi, siku ya pili baada ya kung'olewa gego la mwisho, Dada alipomletea kikombe cha maji ya kusukutua. Lilimshangaza. Kwa miaka mingi Dada hakutoka chumbani bila karafuu shavuni, wala hakucheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Leo alicheka meno yote nje.

"Sukutua taratibu, mdogo wangu. Usije ukaing'oa damu iliyoganda."

Kasuku ni jina alilobandikwa kazini. Alikuwa mshereheshaji, mwanamke wa kushika kipaza sauti kwenye shughuli za watu, na mdomo ndio uliomlisha. Daktari wa meno alimweleza bila haraka: asisukutue siku ya kwanza, asinyonye kwa mrija, asichokonoe tundu kwa ulimi. Kuanzia siku ya pili, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila baada ya kula. Dada alisikiliza kuliko mgonjwa mwenyewe. Akahamia na begi lake na binti yake mdogo, akasema jikoni asiingie mtu. Nani asingefurahi kuwa na dada wa namna hiyo?

Maji hayakuwa na ladha. Kasuku akadhani ulimi bado una ganzi.

Kisha ikaja harufu. Haikuwa ya damu wala ya kidonda. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu mwingine, na ilitoka ndani ya mdomo wake mwenyewe. Alipiga mswaki, ikabaki. Mchana, peke yake sebuleni, akajaribu sauti yake.

"Karibuni wageni wetu."

"Nimeshakaribia," kikajibu kitu nyuma ya taya.

Akapeleka ulimi kule alikokatazwa, polepole, ukapita gego la kwanza, ukapita la pili, ukafika ukingoni mwa tundu na kuingia kidogo, na mle ndani, mahali palipostahili kuwa na damu iliyoganda na maumivu basi, kulikuwa na kitu laini chenye joto ambacho kilirudi nyuma, kikatulia, kikafikiri, halafu kikausogelea ulimi wake na kuulamba.

Alikwenda kwa daktari kwa miguu, mkono shavuni.

"Damu yote imetoka, mfupa uko wazi," daktari alisema. "Chumvi unatia kweli?"

"Dada ndiye anayetia."

Daktari akaliziba tundu kwa dawa. Kitu kikalia mle ndani, chembamba, hata daktari akageuka kuitazama mashine yake. Harufu ya dawa ikapanda puani, na Kasuku akaganda kitini.

"Mafuta ya karafuu hayo," daktari alimtuliza. "Yanapooza."

Jikoni, pakiti ya chumvi ilikuwa bado haijafunguliwa. Dada alikuwa akimimina maji kikombeni, akiimba chini chini.

"Dada. Umenifanya nini?"

Dada hakujitetea. Pengine hilo ndilo lililouma zaidi.

"Huyo anaogopa chumvi," alinong'ona. "Karafuu inamlaza tu. Mama alikuwa naye. Nilipong'oa gego langu, mama akakaa nami, akanichanganyia maji ya kusukutua na mate yake. Hahamii kwa mgeni, anataka mtu wa damu yake, na tundu bichi. Mwanangu alikuwa ananikimbia nikitaka kumbusu, unajua hilo? Mtoto niliyemzaa mwenyewe."

"Ungeniomba."

"Ungekubali?"

Kasuku alikuwa amewasifu dada wa wenzake kwenye shughuli ngapi, na kila mara akimfikiria huyu. Akaichana pakiti, akamwaga chumvi kikombeni, akaichomoa dawa kwenye tundu kwa kidole, akajaza maji mdomoni. Maumivu yalimfunga macho. Kitu kikapiga mateke, kikachuna taya, kikatoka tunduni na kuanza kuzunguka ndani ya mashavu yake kikitafuta njia, na machozi yalimtoka, na alijua, kwa hakika iliyokaribia kuwa furaha, kwamba akitema tu kwenye sinki yamekwisha.

Dada akaufungua mlango wa jikoni.

"Mwanangu! Njoo umwonyeshe mama mdogo."

Mtoto akaingia mbio, sare ya shule bado mwilini, akasimama mbele ya sinki na kupanua mdomo. Pale mbele palikuwa na pengo. Ufizi ulikuwa bado unavuja damu.

"Mama mdogo, jino langu limetoka! Mama ameling'oa sasa hivi tu, na hata sikulia."

Kasuku akamtazama dada yake juu ya kichwa cha mtoto. Dada hakutetemeka. Alimjua mdogo wake tangu wakilala kitanda kimoja, na alijua vizuri kabisa kwamba hatatema.

Kitu kilisimama nyuma ya midomo yake, kikilisubiri pengo lile.

Kasuku akameza. Akakisikia kikirudi tunduni na kujikunja, kimeungua lakini kizima.

"Hongera, mama," alimwambia mtoto, kiganja mdomoni.

Mtoto akarudi nyuma hatua moja, akakunja pua, akaenda kumkumbatia mama yake. Dada akambusu mdomoni, akambusu tena. Kisha, bila kumtazama mdogo wake, akatoa mfukoni kijaluba chake cha karafuu na kukisukuma juu ya meza.